Kipanya Kilichohamisha Jiko la Shangazi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Vifaa,
Ofisi ya Ramani na Viwanja,
Ghorofa ya pili.

Jumanne, asubuhi.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA KIPANYA CHA KOMPYUTA AU, HILO LIKISHINDIKANA, NYUMBA ZA WANANCHI ZISOGEZWE ZIIFUATE RAMANI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wajumbe wako saba, na kwamba vile viti vipya vya ukumbini havijawaumiza migongo. Mimi ni mchora mipaka wa chumba namba tisa, yule wa mezani pa dirishani, ambaye ukipita asubuhi unamwona amejishika kiwiko kama anayembembeleza mtoto. Si mtu wa maneno mengi. Lakini yamenifika hapa, na kalamu nimeishika.

Kwa kuwa ghorofa yenu na yetu hazitembeleani, niruhusu nieleze kazi yangu. Nachukua ramani za zamani za karatasi, zile zilizoliwa na mende, nazifungua kwenye kompyuta, kisha naichora upya mipaka ya kila kiwanja. Kila pembe naifikia kwa kipanya, nabofya, naenda pembe nyingine. Kwa siku moja nabofya si chini ya mara elfu nne. Kwa hiyo kipanya kwangu ni jembe. Na jembe hili mlilonichagulia, Mheshimiwa, linalima shamba la jirani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Namna kilivyochaguliwa. Nimesimuliwa na mtu aliyekuwa anawaandalia chai kwamba kipanya kilizungushwa mezani, kila mjumbe akakishika kwa muda wa kumeza funda moja, akasema kizuri, akampa mwenzake. Mjumbe mmoja alikisifu kwa wepesi. Mwingine akasema rangi yake inaendana na mapazia. Wajumbe watano kati ya saba hawana hata kompyuta mezani kwao, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwisho kikakufikia wewe, kikatulia kiganjani mwako kama yai kiotani, na kikao kikafungwa kwa makofi. Mheshimiwa, kiganja chako sote tunakifahamu. Ndicho kilichokupa lile jina wanalokuita ukishapita kwenye korido, ambalo kwa heshima sitaliandika hapa, isipokuwa niseme tu kwamba linahusu sinia. Mimi mkono wangu ni mdogo, nimeurithi kwa mama. Nikikikumbatia kipanya chenu, kidole hakifiki kwenye kitufe mpaka nisogeze mkono mzima mbele, kisha niurudishe nyuma. Tangu lini viatu vya wafanyakazi wote vikanunuliwa kwa kupima mguu wa mkubwa?

2. Kifundo cha mkono. Kinauma kuanzia saa tatu asubuhi. Sasa chupa ya maji nafunguliwa na mke wangu, na mke wangu ameanza kunitazama kwa jicho ambalo silipendi. Nilikwenda zahanati. Daktari akaniuliza nabeba mizigo gani kazini. Nikamwambia kipanya. Akaniuliza kama usingizi naupata vizuri. Nilipoleta cheti chake, mlinitumia waraka unaosema kila mchora mipaka apumzishe mkono kila baada ya dakika kumi, na siku hiyohiyo ukaja waraka wa pili unaosema atakayechelewesha viwanja vya mwezi huu ajieleze kwa maandishi. Zote mbili nimezibandika ukutani, wa kupumzika juu na wa kujieleza chini, na kila siku nautii ule wa chini.

3. Betri. Kamati ilisema vipanya vya waya ni ushamba, mkatuletea visivyo na waya. Sawa, ushamba umetutoka. Ila betri zake ni zilezile za saa ya ukutani ya ukumbi wenu, na kila kikao kinapokaribia anakuja mtu na kitambulisho shingoni, anafungua kipanya changu, anachukua betri, ananiambia pole kaka, wakubwa wanataka wajue muda. Mimi nakaa. Nasubiri. Kikao kinaisha saa tatu baada ya muda wake, na hapo ndipo najiuliza, jamani, saa ile mnaiangalia au mnaipamba?

4. Kuruka. Hili ndilo kubwa. Nakipeleka kipanya kushoto, mshale nao unakwenda kushoto kwa adabu zake, halafu ghafla unaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na nikibofya wakati huohuo basi pembe ya kiwanja cha mtu imehama. Vya wenzangu navyo vinaruka, wao wamezoea tu. Nimekijaribu juu ya meza, juu ya gazeti, juu ya jalada la kalenda, juu ya kitambaa cha mezani nilichokitoa nyumbani bila ruhusa. Paja langu ndilo lililotoa matokeo mazuri kidogo. Lakini mwenzangu wa meza ya pili, mama mtu mzima, akaniambia kuchora mji wa watu kwenye paja si heshima, na ni kweli, nikaacha.

5. Matokeo ya kuruka. Kwa mujibu wa ramani zilizotoka chumba namba tisa, kinyozi wa karibu na soko sasa ananyolea katikati ya uwanja wa mpira. Zahanati ina mlango mmoja na mlango huo uko kwa fundi wa magodoro. Majirani wawili wasiosalimiana huu mwaka wa tisa wanalala chumba kimoja. Nilimwandikia Mkuu wa Ofisi kumweleza, naye akanijibu, kwa wino wa kijani, kwamba ramani ikishatiwa mhuri haina makosa, na kama nyumba haipo pale ramani inaposema ipo, basi nyumba ndiyo yenye kosa. Nilikasirika. Nikalala nalo jibu hilo siku tatu, na nakiri sasa nimelielewa.

6. Kwa hiyo, ombi. Ikiwa kipanya hakibadilishwi kwa sababu kilipitishwa kwa makofi, na ramani haibadilishwi kwa sababu ina mhuri, kilichobaki ambacho hakina mhuri wala makofi ni nyumba. Naomba Kamati iwaandikie wananchi wa mitaa minne, kila mwenye nyumba aisogeze hatua mbili na nusu kuelekea mashariki. Wenye vibanda waanze, maana vyao ni vyepesi. Kinyozi apewe filimbi ili awe mwamuzi mechi zinapochezwa. Wale majirani wawili wapewe pazia. Na ikiwa hata hilo ni gumu, basi Kamati ikae tena, inywe chai, izungushe mezani mikono ya watu mbalimbali, ichague mmoja unaokifaa kipanya hiki, mimi niletewe mkono huo nifanye nao kazi. Wangu nitaurudisha stoo kwa kusaini.

7. Shangazi yangu. Hapa, Mheshimiwa, naomba uvae miwani usome polepole, maana hapa sitanii.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Anaoka mikate nyuma ya nyumba yake, kwenye tanuri la matofali alilolijenga marehemu mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Mikate hiyo ndiyo iliyonivalisha sare mpaka nikajua kusoma ramani. Wiki iliyopita watu wa barabara walimjia na ramani yenye mhuri, wakamwonyesha kwamba njia ya waendao kwa miguu inapita katikati ya jiko lake, wakachora X nyekundu ukutani, wakasema Alhamisi wanakuja kubomoa. Njia yenyewe ipo, Mheshimiwa. Ilikuwepo kabla sijazaliwa, nje ya uzio, watu wanapita humo na wananunua mikate dirishani. Shangazi akawaambia si ile pale, itazameni, mbwa amelala juu yake! Wakamjibu kwa upole kwamba ile si njia, kwa sababu kwenye ramani haimo.

Ameshanipigia simu mara sita. Anasema mimi si ndiye mtu wa ramani katika ukoo huu, basi nimtafute huyo aliyechora nimlete ajionee tanuri. Niliifungua ramani hiyo jana. Ni ya mwezi wa tatu, na pembeni kuna herufi za jina langu. Nilibofya pembe ya uzio, mstari ukarukia jikoni, nami sikuona, nikaendelea na kiwanja kingine. Nimeona aibu ambayo sina mfano wake. Na hasira. Sijamwambia, kwa sababu kosa si langu, ni la kipanya, na aliyekileta kipanya ni Kamati yako.

Ukiniuliza kipanya kizuri ni kipi, sitakuchosha. Kiwe cha kuenea mkononi mwa mwenye kukitumia, si mwa mwenye kukipitisha. Kiwe na waya, nitauvumilia ushamba. Kitufe kikubali kwa mguso mdogo, na kikishawekwa mahali kikae hapo kama mtu mzima. Kabla ya kupitishwa, kila mjumbe akae nacho siku nzima ya kazi, saa nane, akichora viwanja vya watu wasiomjua. Jioni apeane mkono na mwenzake. Atakayepiga kelele, huyo ndiye apige kura.

Nakuomba radhi kwa ukali wa lugha, na nakuomba uamuzi kabla ya Alhamisi. Nifikishie salamu kwa wajumbe wote saba, kwa katibu wako mwenye mwandiko mzuri, kwa mama wa chai, kwa yule ndugu wa betri (hana kosa, ametumwa), na kwa familia yako nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Wako mtiifu, kwa mkono unaouma,

Mchora mipaka,
Chumba namba tisa, mezani pa dirishani.

Baada ya kutia sahihi: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa tayari imo kwenye bahasha wakati fundi mpya wa kompyuta alipoingia kutazama printa. Ni mama mmoja mcheshi, hana haraka. Nikamlilia hali yangu. Akakichukua kipanya, akakigeuza chali, jambo ambalo tangu kianze kuruka mimi sijawahi kulifanya. Chini yake kuna kijicho kinachotoa mwanga, na nusu ya kijicho hicho ilikuwa imezibwa na lebo ya MALI YA OFISI. Akaibandua kwa ukucha. Kipanya kikaenda, kikarudi, kikasimama nilipokisimamisha. Nimechora viwanja kumi na viwili tangu hapo na hakijaruka hata mara moja. Akaniuliza, huku anacheka, ni mwehu gani aliyeibandika lebo pale.

Utakumbuka, Mheshimiwa, kwamba mwaka juzi vipanya vilipokuwa vikipotea kuna mtu alikuletea pendekezo kila kimoja kibandikwe lebo, akajitolea kuvibandika vyote thelathini na sita mwenyewe, nawe ukampa barua ya pongezi. Barua hiyo ninayo nyumbani, kwenye fremu. Lebo nilianza kuzibandika mgongoni mwa kipanya, ila zilinikwaruza kiganja, nikaona tumboni ndiko pazuri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kwa hiyo namba moja hadi namba sita zifute. Kiganja chako ni cha kawaida kabisa. Fundi sasa anazunguka chumba hadi chumba na ukucha wake.

Namba saba usiifute. Mstari wa uzio nimeurudisha mahali pake na ramani iliyosahihishwa nimeiambatisha hapa. Mkuu hatanisikiliza mimi, ila wewe atakusikiliza. Nakuomba umpelekee leo, kwa miguu yako, atie mhuri mpya kabla watu wa barabara hawajafika na nyundo zao. Mwambie mchoraji amekubali kosa kwa maandishi, na wino autumie wowote aupendao.

Naomba pia ruhusa ya nusu siku, nikamwambie shangazi mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Jumapili alisimama mbele ya lile tanuri, ukoo mzima tumemzunguka, akaulaani mkono uliochora mstari ule, kwamba ukauke usishike tena hata kijiko. Sote tuliitikia amina, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu.