Namna ya Kutoshuka kwenye Baiskeli

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Baridi kali. Ukungu mpaka kizingitini.

Habari zimethibitika. Kisomo cha watu wazima Heru Juu kimepewa baiskeli mpya ya kike. Moja! Walimu tuko wawili: mimi na Tunu, binti wa Mzee Abdulrahmani mwenye duka la vitenge mjini Kasulu. Bwana Hilali, afisa wetu, anasema tutajaribiwa Jumamosi uwanjani. Vigingi sita, unapita katikati yake kwa kuzungukazunguka, kushoto, kulia, bila kugusa kigingi wala kuweka mguu chini. Mshindi anachukua baiskeli na darasa. Mwingine anakuwa msaidizi wake.

Msaidizi! Nimemaliza kidato cha nne. Sitamfutia Tunu ubao.

Jioni nimeazima baiskeli ya baba mdogo Reverien. Yeye mwenyewe hajui kuiendesha. Huisukuma tu, ikiwa imebeba mihogo. Nimesimika vigingi, nimeviangusha karibu vyote. Baba mdogo amekaa pembeni na kibuyu chake cha pombe ya ndizi, akinifundisha. Anasema nakitazama kigingi kama mchumba, ndiyo maana nakiendea.

Nimeorodhesha tabia zangu mbaya. Natazama kigingi badala ya njia. Kwenye kona naburuza mguu wa kushoto. Nakaza mikono kama nashika ng'ombe pembe. Na iliyo mbaya kuliko zote: nashuka. Mzee yeyote akinisalimu, tayari niko chini. Ndivyo nilivyolelewa. Humpiti mzee ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unainama, unapiga makofi polepole, unauliza habari za nyumba, za watoto, za mbuzi. Leo, toka nyumbani hadi kisimani, nimeshuka mara nyingi kuliko nilivyopanda.

Jumanne, 5 Agosti

Upepo na vumbi. Jua limechelewa.

Nimeanza na mguu. Nimeufunga kwenye pedali kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani. Matokeo mazuri sana! Haukuburuzika hata kidogo.

Kisha akatokea Mzee Harerimana, anatoka shambani. Akanisalimu. Mwili ukashuka. Mguu ukabaki.

Nimeangukia dimbwi la kulowekea mihogo. Mihogo iliyolowekwa siku kadhaa, ya akina mama watatu. Mwenye kuijua harufu hiyo sina haja ya kumweleza. Mzee Harerimana, kwa adabu zake, aliendelea kuuliza hali ya nyumbani akiwa ukingoni. Nami nikamjibu swali moja baada ya jingine, nimelala humohumo, baiskeli juu yangu. Alipofika kwenye habari za mbuzi ndipo akanipa mkono.

Mama ameniwekea chakula nje.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukungu mwepesi. Moshi wa mashamba yanayochomwa.

Maendeleo! Nimemsimamisha baba mdogo katikati ya vigingi anisalimu kila nikipita. Mimi natazama mbele, nataja jedwali la kuzidisha kwa saba kimoyomoyo. Mwanzo nilishuka. Baadaye nikapunguza mwendo tu. Mwishowe nikampita kama nguzo. Akanuna. Akasema tangu azaliwe hajadharauliwa namna ile. Nikamkumbusha kwamba ni mazoezi na tulikubaliana. Akasema hata kama.

Balaa ni Tunu. Nimemchungulia akifanya mazoezi nyuma ya msikiti. Anapinda bila kufikiri, mabega yametulia, macho mbali. Inaudhi. Hana tabia mbaya hata moja ya kumwangusha.

Ila ana adabu. Hapo ndipo nimepata mpango.

Nimekwenda kwa jirani yetu, Bibi Niyibizi. Nimemwomba Jumamosi asimame kwenye kigingi cha nne awasalimu walimu, maana walimu hufurahi. Akauliza, wote wawili? Nikasema wote, nisije nikashukiwa. Mimi nimeshajitibu. Tunu bado.

Jumamosi, 9 Agosti

Anga safi. Baridi ya kuuma masikio.

Sina hamu ya kuandika. Nitaandika.

Uwanja umejaa. Kwenye benchi, kando ya Bwana Hilali, wazee wa Heru Juu, yaani wanafunzi wenyewe. Hakuna aliyeniambia watakuja.

Tunu wa kwanza. Vigingi vitatu, safi. Cha nne: "Mwakeye!" akaita Bibi Niyibizi, salamu ya asubuhi ya Kiha. Tunu akasimama, akashuka, akapiga goti. Akamsalimu kwa Kiha chenye lafudhi ya pwani, akapiga makofi, akauliza hadi mbuzi. Ndipo akapanda tena. Mguu chini! Nusura nishangilie.

Zamu yangu. Macho mbele, mikono laini, mguu mahali pake. Saba mara saba, arobaini na tisa. Bibi akanisalimu. Akanisalimu tena kwa sauti. Mara ya tatu akaniita Maximilla binti fulani, jina la baba yangu zima. Nikapita. Sikugusa kigingi chochote. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile maishani.

Nikashuka natabasamu.

Bwana Hilali akasema kwa mujibu wa taratibu nimeshinda, kisha akawauliza wazee. Mzee Harerimana akasimama.

"Binti anaendesha vizuri sana," akasema. "Atatupita hivyohivyo mpaka Kibondo."

Kicheko! Akaongeza kwamba kama sikumwona bibi aliyenibeba mgongoni, sitamwona mzee asiyejua kushika penseli. Wao watasoma kwa Tunu. Bwana Hilali akasema darasa lisilo na wanafunzi si darasa.

Nikajieleza kwamba nilikuwa naacha tabia mbaya. Hapo wakacheka zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mawingu, hakuna mvua.

Siku ya kwanza ya usaidizi. Nimepakiwa nyuma, ubao mapajani. Kila mzee njiani, Tunu anasimama. "Shuka, shoga, tusalimie." Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka. Tumefika jua limepanda sana, na hakuna aliyelalamika! Bibi Niyibizi alikaa mstari wa mbele. Nilimpigia goti. Aliniacha pale chini muda mrefu kabla ya kuitikia.

Nimefuta ubao.

Jioni nimetafakari kwa utaratibu mpango ulikosewa wapi. Nimepaona. Bibi mmoja hatoshi. Kungekuwa na mzee kwenye kila kigingi, Tunu angekuwa bado yuko pale anauliza habari za mbuzi hadi sasa, na majaribio yangefutwa. Bwana Hilali anasema mwezi ujao inakuja taa ya karabai, moja tu, kwa mwalimu atakayewahi darasani kila siku. Baba mdogo bado amenuna, lakini amekiri kwamba anawafahamu wazee wengi sana wa barabara ya Heru Juu.

Nalala sasa, saa tano na nusu.