Tabitha Sprackling na Bata Bukini wa Mzee wa Kanisa

Nyamazeni, enyi mliolishwa habari za majemadari na farasi wao mkadhani mmeshasikia vita! Wekeni vijiko chini, na anayekohoa akakohoe nje, maana leo nawasimulia jinsi Tabitha Sprackling, mfua nguo wa Bermondsey, Simba-jike wa Beseni, Mtesi wa Madoa, alivyoivamia ngome ya adui mchana kweupe, hana ngao wala upanga, ana bakuli tu. Mimi jirani yake Jemima nilikuwapo. Atakayesema natia chumvi, shauri yake.

Mnajua wenyewe kuwa sisi wa vichochoroni hatuna tanuri. Jumapili kila nyumba hupeleka bakuli lake kwa mwokaji mikate, chakula kikaiva tukiwa kanisani, na ibada ikiisha kila mtu hukimbilia chake. Mabakuli yote ni ya udongo wa kahawia na yote yana vifuniko, basi kila mwenyewe hubandika alama yake ya unga juu. Tabitha hajui kuandika. Alama yake ni msalaba, uleule anaoutia popote anapotakiwa kuweka sahihi. Na Jumapili ile Bwana Septimus Grindrod, mzee wa kanisa, ambaye haruhusu tanuri lake liwashwe siku ya Bwana, kwa uchaji wake usio na kifani, naye akaamuru bakuli lake libandikwe msalaba.

Ole wetu! Tabitha akafika nyumbani, binti zake wawili wamekwisha kaa na midomo wazi, akafunua. Alikuwa ameweka kichwa cha kondoo na viazi. Humo ndani alikuwa amelala bata bukini, mnono, mwekundu, amekunja mabawa kama mfalme aliyeshiba.

"Jemima, shoga," akaniita kwa sauti ya kufa, "huyu hana kichwa. Wangu alikuwa kichwa kitupu!"

"Mungu wangu, ni wa Grindrod! Funika, funika!"

Msicheke. Ned Tilley wa mlango wa pili aliokota karoti mbili zilizoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa Grindrod. Askari Boggis akamkamata, Grindrod akamshtaki, na hivi tunavyosema Ned yuko gerezani anapanda lile gurudumu lao, ngazi zinazozunguka chini ya miguu, apande asipande hafiki popote. Dada wa mfagia dohani, msafisha mabomba ya moshi wa mtaani kwetu, aliiba leso. Wakampakia merikebuni mpaka upande wa pili wa dunia. Kama leso ni merikebu, bata mzima je?

"Si uende tu useme umekosea?" nikamwambia.

"Ned si alisema? Alisema mpaka povu likamtoka, nani alimsikiliza? Na hawa wangu nikiondoka watalelewa na nani? Wewe?" Akawatazama binti zake, akajifunga aproni kibwebwe. "Grindrod hali bila kusali, na sala yake unaijua."

Nani asiyeijua! Sala ya chakula ya Grindrod huanza kwa Malkia, ikapita kwa maaskofu, jeshi la nchi kavu, jeshi la majini na bei ya nafaka, na kuishia kwenye mifereji ya maji machafu, ndipo Amina. Muda wote nyumba nzima, mpaka mpishi, husimama mezani macho yamefumbwa, na bakuli halifunuliwi.

Basi akatoka, huyo, Mama wa Sabuni, bata kifuani, bawa la aproni likipepea kama bendera. Paka wakamfuata kama askari wa akiba. Tukafika nyuma ya nyumba ya Grindrod, mimi nikapanda pipa dirishani, yeye akapenya mlango wa jikoni.

"...na maaskofu wako, ee Bwana, uwazidishie afya!" Grindrod alikuwa akinguruma.

Tabitha akaingia kwa magoti. Akapita nyuma ya mpishi. Akapita nyuma ya Bi. Grindrod. Jeshi la majini likaombewa. Shujaa akainuka taratibu pembeni mwa meza, mkono ukanyooka kuelekea bakuli lake, na hapo, jamani, moyo ukanidondoka.

Bakuli lilikuwa limeshafunuliwa. Mgeni wa siku ile alikuwa Boggis, askari yuleyule! Macho yake yalikuwa wazi, mkono wake ulikuwa ndani ya bakuli, na shavu lake limevimba kwa kiazi cha moto. Njaa ilikuwa imemshinda kwenye bei ya nafaka.

Wakatazamana. Sheria na Beseni, uso kwa uso! Boggis akataka kupiga kelele, kiazi kikamkatalia. Tabitha akanyoosha kidole, polepole, akalionyesha lile shavu.

"...na mifereji yetu, ee Bwana..."

Boggis akameza. Machozi yakamtoka. Tabitha akaweka bata, akanyakua lake, akatoweka.

"Amina!" Kelele za furaha zikavuma ndani: bata, bata, bata! Lakini hatujafika kona, tukasikia viatu vya Boggis nyuma yetu.

"We mama! Simama! Nimekuona."

"Nami nimekuona, afande. Hili bakuli ni langu. Kiazi ulichokula ni changu."

Boggis akawa mweupe kama shuka za Tabitha. "Sikujua ni cha nani."

"Ndivyo wanavyosema wote. Ned alisema hivyohivyo."

"Utapiga kelele?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, nina mke. Nina mama yangu mgonjwa."

Watu walikuwa wanatoka kwa mwokaji na mabakuli yao, njia nzima imejaa. Neno moja tu, mwizi, na angekwisha. Nami nikamsukuma: "Liseme, shoga! Apande gurudumu yeye!"

Tabitha akamtazama sana. "Hapana," akasema. "Kwa kiazi? Mtu hapandishwi gurudumu kwa kiazi. Nenda kale bata, afande, atapoa."

Boggis akavua kofia yake. Kwa mfua nguo! Barabarani! Niliona kwa macho yangu haya.

Tukala kichwa cha kondoo, kiazi kimoja pungufu. Binti mdogo akauliza kimeenda wapi, mama yake akamwambia kimeenda vitani. Na Jumatatu, bibi kizee mmoja aliinama kuokota makaa yaliyoanguka chini ya mkokoteni, Boggis amesimama pale pale. Nikafumba macho. Nilipofumbua, bibi alikuwa anakata kona na makaa yake, na afande alikuwa ameinua uso, anatazama madohani, mdomo unamtembea kama anayesali. Alisali mpaka kwenye mifereji.