Darubini Iliyosogezwa Karibu na Wananchi

"Kuanzia leo," alitangaza Mkurugenzi wa Idara ya Kudhibiti Wanyama Waharibifu kwa kipaza sauti, ingawa waliokuwa ukumbini ni wafanyakazi wake tu na hata aliyeketi nyuma kabisa angemsikia akinong'ona, "nguruwe pori hatafukuzwa tena kienyeji. Atafukuzwa kitaalamu!"

Katibu wa Idara alianza kupiga makofi kabla ya wenzake na akaacha baada yao, kwani alijua kazi yake.

Utaalamu wenyewe ulikuwa huu: bunduki ya kuwindia ya Idara, ambayo ilikuwa moja tu na tangu iletwe ililengwa kwa macho matupu, ingefungwa darubini. Kabla ya hapo isingetoka stoo. Kuitoa bila darubini kungekuwa kurudi nyuma, na Idara ilikuwa haijawahi kurudi nyuma. Ilikuwa imesimama tu.

Katibu aliona mpango ni mzuri na hauna kasoro. Kasoro ilikuwa kwa dada yake.

Dada Mkubwa, mjane, alikuwa na shamba la mihogo chini ya kilima. Shamba hilo ndilo lililomlea Katibu na kumsomesha, na sasa ndilo lililomlisha dada mwenyewe. Nguruwe walikuwa wakilala kwenye kichaka kando yake na kwenda kufukua mihogo kama watu waendao jikoni kwao. Katibu alikuwa amemwahidi kwamba bunduki itakuja.

"Itakuja lini?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Kamati ikishakaa, dada."

"Ikishakaa? Kwani nyinyi mmewahi kusimama?"

"Mambo ya serikali yana hatua."

"Hata nguruwe wana hatua, mdogo wangu. Wameshavuka mtaro wa kati. Wakimaliza upande wa huku, nitahamia kwako na sufuria zangu, na mkeo nitamweleza mwenyewe sababu."

Katibu alirudi ofisini kwa mwendo wa haraka, jambo lililowashangaza wengi.

Kamati ya Uteuzi na Ufungaji wa Darubini ilikuwa na wajumbe wanne: Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, Naibu wake, Mhasibu Mkuu na Afisa Mipango. Katibu aliandika. Juu ya meza, kwenye kitambaa cha kijani, ziliwekwa darubini tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi na nyepesi, na muuzaji alieleza kwamba hiyo ndiyo inayofaa kwa mnyama wa karibu, wa vichakani.

"Haina hadhi," alisema Naibu.

Ya pili ilikuwa ya wastani. Hakuna aliyeigusa, kwa kuwa hakuna anayepandishwa cheo kwa mambo ya wastani. Ya tatu ilikuwa nene kama chupa ya chai. Mkurugenzi aliinyanyua kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja.

"Namwona mtunza stoo," alisema. "Yuko kibandani kwa mama wa chai, kule ng'ambo ya barabara. Anakoroga sukari. Saa za kazi! Kijiko cha tatu hicho."

"Hii inaimarisha nidhamu," alisema Afisa Mipango.

"Na kiongozi lazima aone mbali," aliongeza Mhasibu Mkuu.

Ikapita. Ni kweli kwamba ukimtazama kwa darubini hiyo nguruwe aliye karibu, huoni nguruwe, unaona nywele nyeusi tu zisizo na mwanzo wala mwisho. Lakini nguruwe hakuwa na mjumbe kwenye kamati.

Kufunga nako kulifuata haki na usawa. Vibanio vya kuishikilia darubini kwenye bunduki vilikuwa na skrubu nne, na kila mjumbe akakaza ya kwake kwa bisibisi iliyozungushwa mezani kwa kufuata vyeo. Kisha ikaja hoja ya mahali pa kuikalisha. Kwenye boksi palikuwa na mchoro: jicho la mtu, halafu nafasi ya upana wa kiganja, ndipo darubini. Katibu aliuonyesha, kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma hata maandishi ya kwenye sabuni.

Mkurugenzi aliutazama mchoro kwa huzuni.

"Katibu, kaulimbiu yetu mwaka huu ni ipi?"

"Karibu Zaidi na Wananchi, Mheshimiwa."

"Sasa unataka kiganja kizima kati ya jicho la serikali na mwananchi? Hicho si kiganja, ni urasimu. Irudisheni nyuma!"

Wakairudisha nyuma mpaka kioo chake kikawa karibu na mahali mtu anapolaza shavu. Mkurugenzi alijaribu, akakuta kope zake zinapangusa kioo, akaridhika kabisa. Ikabaki kuhakikisha kwamba msalaba wa kulengea uliochorwa ndani ya darubini na risasi vinaelekea mahali pamoja. Kwa kawaida hufanywa kwa kupiga shabaha za majaribio. Kamati iliona huo ni ubadhirifu, ikapiga kura. Wajumbe watatu waliona msalaba umenyooka. Wa nne, Mhasibu Mkuu, hakuona kitu, maana alikuwa ametazama kabla kifuniko hakijatolewa, ila naye hakuwa na pingamizi.

"Tayari sasa?" Dada Mkubwa aliuliza jioni hiyo.

"Bado uzinduzi."

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema dada, akaenda kupanga sufuria zake.

Uzinduzi ulifanyika pembeni mwa shamba lilelile, kwa kuwa Katibu ndiye aliyepanga mahali. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, majirani wakaja na watoto wao. Mkurugenzi alihutubia kwa kirefu. "Huduma hii," alimalizia, "itawafuata hapahapa shambani, na mimi mwenyewe nitakuwa mbele, mpaka nguruwe wa mwisho!" Katibu aliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

Kisha Mkurugenzi akapiga goti, mgongo kwa wananchi na uso kwa kichaka. Akasogeza jicho karibu. Akasogeza tena. Akafyatua.

Bunduki ilirudi nyuma, kama bunduki zote zinavyofanya tangu zitengenezwe, na darubini ikaja nayo. Ulisikika mlio wa risasi, halafu ukasikika mlio wa Mkurugenzi. Wa pili ndio uliokwenda mbali. Tawi moja lilianguka mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa analenga.

Mkurugenzi alibaki amewapa watu mgongo. Alishusha kofia mpaka chini ya nyusi, taratibu, kisha akageuka akitabasamu kwa meno yote.

"Hiyo ilikuwa sauti ya ushindi," alisema. "Tamu sana! Naibu, karibu."

Naibu alipiga goti kwa furaha ya mtu anayekisogelea cheo. Mlio, ukelele. Alipoinuka aliuona mstari mwembamba wa damu ukichungulia chini ya kofia ya bosi wake, akaelewa, naye akaishusha ya kwake.

"Kweli tamu," alisema kwa sauti nyembamba. "Mhasibu, karibu."

Mhasibu Mkuu alikaribia, akalia, akamkaribisha Afisa Mipango kwa moyo mkunjufu kuliko wote. Baada ya ukelele wa nne kichaka kilitikisika. Nguruwe walitoka wote, dume, majike na watoto, wakapita mihogoni bila hata kuitazama, wakakipanda kilima mbio na kupotelea ng'ambo.

Viongozi wanne walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mmoja, chini ya kofia yake, ana alama ya mwezi mchanga juu ya jicho la kulia. Macho yao yakamgeukia Katibu, kwamba zamu sasa ni yake. Katibu alitazama ratiba aliyoiandaa mwenyewe, akakuta kwamba yeye amepangiwa neno la shukrani.

"Naliacha kwa mwenye shamba," alisema.

Dada Mkubwa alishika kipaza sauti.

"Tunashukuru sana, wazee wetu. Bunduki nguruwe hawa wameizoea tangu zamani, wakiisikia hugeuka ubavu wa pili wakalala. Leo wamekimbia ile sauti. Basi tunaomba kitu kimoja. Bunduki si lazima mtuachie. Tuachieni Mkurugenzi."

Shamba zima likapiga makofi. Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini Katibu, kwa kuwa alijua kazi yake, alikuwa ameshaanza kusoma: "'... na mimi mwenyewe nitakuwa mbele, mpaka nguruwe wa mwisho.'" Naibu aliunga mkono kabla hajaulizwa, akaomba na funguo za ofisi, ili kazi zisilale.

Ukubwa ni jaa. Tangu siku hiyo, kila wiki Mkurugenzi hufika pembeni mwa shamba na kiti chake cha kukunja. Mara ya pili alimwita Katibu faraghani, akamwomba darubini isogezwe mbele kidogo, kiganja tu.

"Hilo linahitaji kikao, Mheshimiwa," Katibu alimjibu kwa heshima zote, "na kikao hakikai bila mwenyekiti. Na mwenyekiti yuko shambani."

Safari moja alijaribu kulia bila kufyatua. Dada Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Haina ukweli hiyo, baba. Nguruwe wana masikio."

Mihogo imechipua upya, hata ng'ambo ya mtaro wa kati, na sufuria zimerudi kwenye kichanja chake. Siku ya zamu Dada Mkubwa huketi kivulini na kikombe cha chai, akamtazama mkuu wa Idara anavyopiga goti na kulaza shavu kwa woga.

"Sogea, baba," humwambia kwa upole. "Sogea kidogo tena. Wananchi wenyewe ndio sisi."