Miguu ya Bibi Mpiga Gambusi

Umma wa London na dunia kwa jumla unatangaziwa kwamba Jumba la Makumbusho la Harrowby limekata shauri kukomesha dhuluma iliyodumu zaidi ya karne. Uchina imetakiwa kuileta miguu.

Kitendawili: kuna bibi kasafiri kutoka Uchina hadi London, miguu kaiacha kwao. Ukishindwa, usihangaike kunipa mji; jibu limetundikwa ghorofa ya pili. Ni Bibi Mpiga Gambusi, mchoro uliookolewa kutoka ukuta wa pango la jangwani mwaka 1907. Mwokozi wake, Kapteni Whitlow, alikuwa na msumeno mzuri, ila sanduku la ngamia lilikuwa fupi. Akamkata magotini. Miguu ikabaki hukohuko, maskini, haina mlinzi.

"Inauma sana," alisema Bwana Laurean, Mkuu wa Idara ya Uangalizi wa Muda. Muda wenyewe haujaisha, ndiyo maana idara ipo. Wazee wa Bodi walikuwa wamemwahidi: miguu ikifika, yeye ndiye Mkurugenzi Mkuu. Mkewe alishawatangazia waumini kanisani kwao Lewisham, na pilau ya pongezi ikaliwa kabisa. Sasa utarudi nyuma vipi?

Katibu wake, Bi Hemali, mzaliwa wa Kisumu aliyekulia Wembley, alikuwa na wasiwasi.

"Mkuu, na wao wakisema sisi ndio turudishe kiwiliwili?"

"Ndiyo maana tunatunga kanuni, dada. Mtu utabishana naye. Kanuni utabishana nayo wapi?"

Akaitunga: Kipande kidogo kitakifuata kikubwa popote kilipo, bila fidia wala manung'uniko. Kamati ikapitisha kwa makofi, Bodi ikatia saini, magazeti yakatangaziwa kwamba kanuni hiyo ni ya milele na haichagui mtu.

"Lakini hiyo miguu umeshaiona?" Hemali akauliza.

"Miguu ni miguu, Hemali! Kwani ya Uchina ina vidole mgongoni?"

Mwezi uliofuata akaja Bi Shen, mtunzaji wa lile pango, mama mpole mwenye picha ndefu iliyokunjwa. Laurean akachungulia nyuma yake kutafuta miguu. Hakuiona.

Bi Shen akaikunjua picha mezani. Meza ikaisha, picha ikaendelea. Laurean akashika ncha, akarudi kinyumenyume, akatoka nayo mlangoni, akafika koridoni karibu na choo, na picha bado inaendelea. Wapiga ngoma, wapuliza filimbi, wachezaji, farasi, mawingu: harusi nzima ukutani. Katikati palikuwa na pengo la kadiri ya mlango, na chini ya pengo, miguu miwili.

"Ndiyo hiyo mliyoiomba," Bi Shen alisema. "Kanuni yenu tumeisoma, tumeipenda. Haya, kikubwa ni kipi?"

Laurean alikohoa. "Kanuni ilikusudiwa... kwa upande mmoja."

"Mkuu," Hemali akamnong'oneza, "tulisema haichagui mtu."

"Kunywa chai kwanza, mama," Laurean akamsihi mgeni.

"Asante, mwanangu, lakini lori letu liko mlango wa nyuma. Mtaa huu ukizubaa unapigwa faini."

Laurean akakimbilia simu. Wazee wa Bodi wakamsikiliza, wakanong'onezana, wakamjibu kwamba jumba halijapata kuvunja kanuni yake na halitaanza leo. Atekeleze. Tena atabasamu, wapiga picha wanakuja.

Bibi Mpiga Gambusi akaondoka mchana kweupe. Bodi, kwa kuwa ni watu wa ahadi, wakampa Laurean cheo: Mkurugenzi Mkuu wa Pengo, akae kitini mbele ya ukuta mtupu awaeleze wageni walichokikosa. Kisha wakajifungia kikaoni kupongezana kwa uadilifu wao.

Kumbe magazeti husomwa na walimwengu wote. Asubuhi Hemali alipofungua mlango mkubwa alikuta foleni imezunguka jengo mpaka kituo cha basi: Misri, Ethiopia, Ugiriki, Nigeria, kila mmoja na picha yake kwapani.

Akapiga simu kikaoni.

"Waheshimiwa, shukeni. Na mje na bisibisi."