Mwakilishi wa Kiwanda cha Pikipiki za Maji

Habari za ajali zilimfikia Zebedayo stendi ya Same, akinyoa ndevu kwa kioo cha basi la watu. Ilikuwa 1993, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote: sukari ilikuwa imerudi madukani, hela ndiyo ilikuwa bado haijarudi mifukoni. Jamaa mmoja alileta pikipiki ya maji bwawani Nyumba ya Mungu, akawa anaikodisha. Mchuuzi wa samaki aitwaye Hedwiga akaipanda, waya wa mafuta ukanasa, ikambamiza kwenye mawe na kumvunja mguu. Mwenye chombo akatoweka.

"Maskini!" alisema Zebedayo, kwa huzuni ya kweli iliyodumu mpaka alipomaliza kidevu.

Wiki ile ile alikodi chumba nyuma ya duka la vitenge, akavaa suti ya mtumba, akabandika tangazo mlangoni: Mwakilishi wa Kiwanda cha Pikipiki za Maji. Fidia kwa Walioumia. Fomu Shilingi Elfu Moja.

Ajabu ya Mungu, watu ambao hawajawahi kuliona bwawa waligundua kwamba waliumia humo. Habibu, mwenye duka Hedaru, alifika kajifunga taulo shingoni.

"Chombo kilikuwa rangi gani?" aliuliza Zebedayo, maana ofisi makini lazima iulize.

"Kilikwenda kasi mno, bosi. Rangi ilibaki nyuma."

"Jibu la kitaalamu. Elfu moja."

Siku ya nne akaingia Hedwiga mwenyewe, akitembelea mkongojo. Daktari alikuwa amemwambia mguu usipopasuliwa mwezi ule, utakatwa. Hakutoa hela. Alikaa.

"Kwa hiyo wewe ndiye kiwanda?"

"Nikisema mimi, dada, kiwanda kimesema."

"Bwawani wananiambia kosa langu, eti sikujua kuendesha."

"Waongo! Waya wa mafuta ulitoka kiwandani mbovu. Na koti la kuelea, ulipewa?"

"Sikupewa."

"Unaona!" Zebedayo nusura alie.

"Basi niandikie hivyo hivyo. Nina wenzangu thelathini kule, wanaogopa matapeli. Wakiona muhuri watakuja na hela zao."

Thelathini! Zebedayo aliandika kurasa mbili, akakiri kila kosa, akagonga muhuri mara tatu.

Hedwiga aliipeleka barua moja kwa moja mahakama ya mwanzo. Wito ulipotoka, Zebedayo alikimbilia stendi, akakuta polisi kamtangulia.

Hakimu, mama mmoja aitwaye Priska, aliisoma barua yote kwa sauti. "Bwana, wewe ni kiwanda au si kiwanda?"

Zebedayo aligeuka nyuma. Walionunua fomu walikuwa wamejaa mabenchi yote, macho kodo. Akisema si kiwanda, ni utapeli, na utapeli ni jela.

"Ni kiwanda, mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya kiwanda kidogo sana.

"Basi kiwanda kimlipe huyu mama mguu wake."

Hela zote za fomu zikaenda kwa Hedwiga. Habibu akainuka. "Na shingo yangu je, mheshimiwa?"

"Apa kwanza, kisha utuambie uliumia siku gani."

Habibu akakumbuka ameacha duka wazi. Ghafla benchi zima likakumbuka maduka.

Mlangoni Hedwiga alimshika Zebedayo mkono. "Mguu ukiuma tena, nikuandikie wapi?"

"Kiwanda kimefungwa, dada," alisema Zebedayo, akashika barabara ya Mombo kwa miguu.