Kofia Mbili, Usaili Mmoja

Kiyoyozi cha duka la donati la Marisol kilikata roho tangu alfajiri, na joto la Las Vegas halina masihara. Hata hivyo Vidole alikaa na kofia ya sufu kichwani. Askofu, mgawa karata mstaafu mwenzake, naye kofia. Redio tu, mstaafu wa tatu, ndiye aliyeacha mvi nje. Leo kafunga hadi tai, gazeti mkononi.

“Sikieni!” Redio akasoma. “Jana matajiri wawili, dola laki tisa mezani, imebaki karata moja ya kuamua mshindi. Wakakubaliana igawiwe mara mbili, kila mara kwa nusu ya dau. Kila mmoja kashinda mara moja. Wakakumbatiana, kila mtu kwao na pesa zake!”

“Usanii mtupu!” Vidole akafoka. “Mimi nikikosa, nani ananigawia mara ya pili?”

“Uungwana huo, kaka,” Askofu akahubiri. “Wapinzani kupeana mkono. Kama sisi.”

Vidole akaivuta kofia mpaka masikioni. Kasino inataka mgawa karata mmoja, usaili saa nne, nao wote wameomba. Kwake ni kufa na kupona, maana bila bima ya kazi mkewe hapati insulini. Jana yeye na Askofu walipeana mkono kwamba hakuna kujipunguza umri, kila mtu na mvi zake.

“Mbona hamvui kofia?” Marisol akauliza.

“Mafua,” Vidole akajibu.

“Kwa joto hili la nyuzi Farenhaiti mia na kumi?”

Mchirizi mweusi ukamtoka Askofu kwenye paji, ukadondokea donati.

“Umepaka nywele piko, msaliti!” Vidole akaruka.

“Na hilo sikio lako linalovuja wino?”

Vidole akajipapasa. Kidole cheusi tii! Aibu ikamshika, kisha kicheko.

“Basi tukaoshe wote,” akasema. “Tugawe mara ya pili, kama matajiri.”

Wakapeana mkono tena, wakakimbilia choo cha nyuma, wakagombania sinki moja. Walisugua mpaka sabuni ikaisha, na piko halikutoka.

“Marisol! Saa ngapi?”

“Nne kasoro tano!”

“Mwambie Redio awashe gari, atupeleke!”

“Redio? Kaondoka zamani. Kachana mvi kwa uma, kaniuliza kama tai imekaa sawa. Kasema yeye hakumpa mtu mkono.”