Nyenje Wangu na Mizani ya Dhahabu

Jumatatu, 8 Septemba
Kikundi chetu cha wafuga nyenje hapa Kalangalala kinatafuta mwenyekiti. Tumebaki wagombea wawili: mimi na jirani yangu Mama Limi. Mzee Gregory, anayeng'atuka, hataki kura; anasema kura huleta maneno. Katupa kila mmoja nyenje mia mbili, gramu mia moja kamili. Ambaye nyenje wake watakuwa wazito zaidi Jumamosi, huyo ndiye mwenyekiti. Mimi nimepima dhahabu miaka tisa! Nimeshachonga na muhuri: MWENYEKITI.

Jumanne, 9 Septemba
Nyenje wako kwenye sanduku la bati. Kufuli mbili, nafasi ndogo ya hewa. Nimeliweka juani ili nilione vizuri kutoka barazani. Usalama kwanza.

Jumatano, 10 Septemba
Gramu tisini na moja. Nimehesabu: nyenje wote mia mbili wapo. Hii naijua. Kwenye dhahabu, mzigo ukipungua bila kuguswa, kuna mtu kachezea mizani. Nimemshtaki Mama Limi kwa Mzee Gregory. Mzee kaniuliza nimekula nini.

Alhamisi, 11 Septemba
Themanini na nne. Mke wangu Violeth anasema ni maji yanawatoka. Joto likizidi na hewa ikiwa kavu, mdudu hukauka kupitia vitundu anavyopumulia. Wa Mama Limi wako ndani ya chungu, kivulini, juu kitambaa kibichi. Nilimuuliza Violeth yuko upande wa nani. Kasema wa nyenje.

Ijumaa, 12 Septemba
Basi, nimekubali unyevu. Ila kitambaa kinachelewa. Nimeliweka sanduku juu ya sufuria ya maharage yanayochemka, wapate mvuke. Bati likapata moto, nyenje wakahangaika, nikawahurumia na kufungua. Wakatoka kwa pamoja, wakavuka ukuta mpaka uani kwa Mama Limi. Nimebakiwa na kumi na wawili. Wengine wako kwenye maharage. Violeth kacheka mpaka kakaa chini.

Jumamosi, 13 Septemba
Wangu gramu tano. Wa Mama Limi mia moja sitini na mbili. Alitangaza mwenyewe kwamba wengi ni wakimbizi kutoka kwangu, akataka kuwatoa. Hata alipowatoa, kashinda. Kisha kaniomba ule muhuri, kwa heshima kabisa, na kunifanya mtunza mizani wa kikundi. Watu wakapiga makofi. Nilifurahi kuliko nilivyokusudia.

Jumapili, 14 Septemba
Nimetafakari wakati wa ibada. Kosa lilikuwa sanduku: dogo mno. Nimenunua kubwa, la bati. Nimelipaka rangi nyeusi wezi wasilione, nikalipandisha juu ya paa. Muhuri mpya uko kwa fundi.